Mti wa Mpaka Ukutani mwa Darasa

Juma lililopita nilitoka katikati ya formasyo, mafunzo ya walimu, kule Mubi na sikurudi. Tulikuwa walimu wa historia wa shule za sekondari, tumebanana kwenye chumba cha mabati, pikipiki zinanguruma nje, na mbele yetu kijana mwenye viatu vyeupe anatufundisha jinsi ya kufundisha kwa vitu vya kuonekana kwa macho. Picha, ramani, vyombo vya kale. Mimi nafundisha Mpofi, mambo hayo nimeyazoea, na sikuwa na ugomvi naye hata kidogo mpaka alipotoa mfukoni mche uliong'olewa na mizizi yake, udongo mbichi bado umeushikilia, akauweka juu ya meza.

"Kila mwanafunzi alete kitu ya kwabo," akasema. "Kitu yenye kuonyesha familia yake iko hapa tangu wakati gani. Historia itaonekana na macho, batoto batafurahi."

Harufu ya udongo ule ilinipanda puani. Nilijikuta nimesimama.

"Weye, uliuliza ile muti iling'olewa wapi?"

Akacheka kwa adabu. "Mama, iko mufano tu."

Mfano tu! Nikachukua mkoba wangu nikatoka. Wenzangu walidhani nimeshikwa na malaria.

Ninyi mliosoma miaka ile tuliyosoma sisi, kwenye vilima vya Masisi, mnajua shule zetu zilivyokuwa. Kitabu cha historia kilikuwa kimoja, cha mwalimu, na kurasa zake za katikati zilikwisha kuondoka zamani, nadhani zilitumika kuwashia moto. Tulinakili kutoka tablo, ubao wa darasani, mpaka vidole vikauma. Halafu nilipofika mwaka wa pili wa sekondari, pale Muheto, akaja Prof Dezire. Alitoka mjini, alikuwa na sauti nzuri na shati lililopigwa pasi, na alisema hawezi kufundisha watoto historia isiyoonekana. Akafumua mifuko ya unga, akaishona pamoja kwa sindano ya magunia, akaibandika ukutani kwa uji mzito wa muhogo. Kisha kwa mkaa akachora mstari mrefu kutoka mlangoni hadi dirishani. Mstari huo, akatuambia, ni wakati. Mlangoni ni zamani sana, dirishani ni leo.

Ningependa kusema alikuwa mjinga, ingenirahisishia kumchukia. Hakuwa mjinga. Alifundisha vizuri kuliko mwalimu yeyote niliyempata baadaye, na mpaka leo nikisimama mbele ya darasa kuna namna ya kunyamaza kabla ya kutaja jambo kubwa ambayo niliiiba kwake. Hilo nalo linaniudhi.

Siku moja akatuambia inspekteri atakuja kabla ya mwisho wa muhula, na anataka akute ukuta umejaa. "Kila mumoja alete kitu ya kale ya kwabo. Tutaipanga kwa mustari. Yenye kuwa ya zamani zaidi, karibu na mulango. Inspekteri ataona hapa Muheto batu biko na historia."

Hapo ndipo akili yangu ya miaka kumi na mitatu ilipopotoka. Nyumbani kwetu, kama nyumbani kwa kila mtu, maongezi ya jioni yalikuwa yale yale: nani alifika mbele, nani alimkuta nani, nani alimpa mwenzake mahali pa kulima. Watu wazima waliyasema kwa sauti ya chini wakitazama mlangoni. Nikaelewa kwamba sasa Serikali imechoka na maneno na inamtuma inspekteri aje kuandika. Atakayekuwa karibu na mlango atabaki Muheto. Wa dirishani wataambiwa wahame. Hakuna aliyeniambia hivyo, nililitunga peke yangu na nikaliamini kabisa.

Tumaini alikuwa wa kwanza kuleta. Alikuwa jirani yangu, shamba lao na letu yaligusana kwenye mteremko unaoshuka mtoni, na baba yake kila mtu alimwita Papa Tumaini kwa jina la huyo binti yake. Alileta kigoda cha miguu mitatu cha babu yake, cheusi kwa moshi, kimelika katikati kwa kukaliwa. Prof akakitundika karibu sana na mlango na darasa zima likapiga makofi. Mimi sikupiga. Nilimtazama Tumaini anavyojirudisha kitini kwa maringo na nikasema moyoni: huyu hanitangulii.

Nyumbani kwetu hakukuwa na kitu. Tulikuwa tumekimbia mara nyingi mno. Mara ya mwisho tulikimbilia Mpofi, tukakaa kule misimu miwili tukila vya watu, na tuliporudi nyumba ilikuwa majivu, viti, vyungu, karatasi, vyote. Kilichotusubiri ni muyenzi mmoja. Muyenzi ni ule mmea wa utomvu mweupe, kwingine huitwa mnyaa, ambao kwetu watu hupanda kwenye mipaka ya mashamba. Safu nzima kati yetu na kina Papa Tumaini iliungua, ukabaki huo mmoja wa pembeni, mnene, na kwa huo Papa yangu na Papa Tumaini walijua tena shamba la nani linaishia wapi. Siku tuliporudi nilimwona Papa ameuwekea mkono, ananiambia: "Ona, Riziki. Tate yako aliupanda. Siye tulikimbia, yeye hakukimbia." Tate ni babu.

Basi mnaona nilikokuwa naelekea. Kitu cha kale kuliko vyote, nacho kilipandwa na Tate kwa mikono yake.

Papa hakuwepo, alikuwa amepeleka maharage Mubi kwa watu wa migodini na angekaa huko majuma mawili. Mama alikuwa sokoni. Nilishuka na jembe baada ya masomo, jua bado kali. Mngeniuliza kwa nini sikukata tawi. Nilifikiria. Lakini tawi ni la mwaka jana, nikajiambia, tawi hata Tate hakuliona. Mzizi ndio wa Tate. Nikachimba. Utomvu ulinirukia mkononi, nikajifuta jicho, jicho likawaka moto, nikaendelea kuchimba nikilia kwa jicho moja. Chini kabisa, chini ya mizizi, jembe likagonga vigae. Vipande vya vyungu viwili, kimoja cheusi, kingine chekundu, vimechanganywa na mkaa. Nilifurahi sana. Tumaini na kigoda chake!

Nilichokuwa sijui, na ambacho hakuna mtu mzima aliyekuwa ameona haja ya kuniambia, ni kwamba vigae vile havikuwa takataka. Zamani watu wawili wakipatana mpaka, kila mmoja alileta chungu cha kwake, wakavivunja pamoja, wakavizika na mkaa, wakapanda mti juu. Mti ukifa, unachimba, vigae vinasema. Mimi nilivitoa vyote kimoja kimoja, nikavifuta kwa sketi, nikavitia kwenye kikapu. Kisha nikafukia shimo na kulisawazisha vizuri, maana Papa alinifundisha kutoacha shimo shambani, mtu asije akavunjika mguu.

Prof Dezire aliupokea mmea kwa mikono miwili. Aliona vigae na mkaa ndani ya kikapu, na uso wake ukabadilika.

"Ulitoa hii wapi?"

"Ku mupaka ya shamba yetu, Prof. Tate njo alipanda."

Nilimwona akitazama mlangoni, kama anaangalia kuna nani nje. Alijua. Mjini alikozaliwa hawapandi miyenzi, lakini alikuwa ameishi vilimani muda wa kutosha na alijua. Kisha akashika kichwa changu akasema: "Muzuri sana. Hii iko ya mbele kabisa." Akaufunga mmea ukutani kwa kamba, mizizi ikining'inia, na chini yake akabandika vigae vyote kwa uji wa muhogo, cheusi, chekundu, cheusi, chekundu. Kigoda cha Tumaini kikasogezwa upande wa dirisha. Darasa likapiga makofi, na mimi nikamtazama Tumaini mpaka akainamisha kichwa.

Mvua zikaanza. Kila mtu akaingia shambani. Papa Tumaini alileta watu wa kumsaidia kulima, wakafuata mteremko kwa majembe yao, na kwa kuwa hawakukuta kitu cha kuwasimamisha hawakusimama. Kwa upande wetu Mama naye alilima mpaka alipochoka. Papa aliporudi kutoka Mubi alikuta maharage ya jirani yameshaota kwenye kipande chetu cha chini, kile kilicho karibu na maji, ambacho kilitulisha miezi ile ambayo wengine wote hula majani. Na muyenzi hakuna.

Papa hakuniuliza mimi. Hakumuuliza yeyote. Alisubiri Jumapili, watu walipokuwa wanatoka ibadani, akasimama mlangoni mwa kanisa na kusema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Papa Tumaini, uko mwizi! Uling'ola mupaka ya baba yangu. Mbele ya Mungu, weye uko mwizi!"

Papa Tumaini alikuwa na Biblia mkononi. Aliikumbatia kifuani. Kisha akasema polepole: "Unaniita ile jina mbele ya batoto bangu?"

"Ninakuita. Mwizi!"

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwao. Maneno yote yalikuwa mdomoni mwangu na hayakutoka. Nilimwogopa Papa, nitasema nini kingine. Nilikuwa mwoga, na mtu asiniambie nilikuwa mtoto.

Jumatatu nilimkuta Prof peke yake darasani, anakoleza mstari wake kwa mkaa.

"Prof, ninaomba muti yangu. Kuko maneno ku kijiji. Papa anasema Papa Tumaini njo aliiba."

"Inspekteri anakuya vendredi," akasema bila kugeuka, yaani Ijumaa. "Nitakurudishia samedi, akisha kwenda."

"Shefu ya kijiji atakata maneno mercredi, Prof. Basi ukuye useme. Ulijua nilitoa wapi."

Hapo akageuka. Nakumbuka alifuta mkaa mikononi, kidole kimoja kimoja. "Riziki, mimi niko mugeni hapa. Maneno ya mashamba haiko masomo." Mwalimu wa historia! Ametuambia muhula mzima kwamba historia ni ushahidi, ushahidi, ushahidi, ametuandikisha neno hilo na kulipigia mstari chini. Siku ushahidi ulipohitaji miguu ya kutembea hadi shambani, akawa mgeni. Nimekutana na watu wabaya zaidi yake katika maisha yangu, wenye silaha, na sijapata kumchukia hata mmoja wao namna ninavyomchukia yule bwana na shati lake.

Jumatano shefu wa kijiji akaja na wazee wanne. Tulisimama kwenye mteremko, kwenye matope, kina sisi upande huu, kina Tumaini upande ule. Shefu aliuliza mti ulikuwa wapi. Papa akaonyesha. Akauliza nani aliung'oa. Papa akainua kidole kwa Papa Tumaini, na hapo, namshukuru Mungu kwa hilo dogo, nikasema.

"Ni mimi. Niliupeleka ku masomo. Ya histoire."

Mama alijishika kichwa. Shefu akanisogelea, mzee mpole, akaniambia: "Mutoto, usiogope. Tuonyeshe fasi."

Nikatembea. Nilikuwa na hakika naijua hiyo fasi, mahali penyewe, nilichimba pale kwa mikono yangu. Lakini nilifukia vizuri, na majembe yalikuwa yamepita, na mvua, na kila mahali palikuwa udongo mweusi uliogeuzwa na miche ya maharage. Nikaonyesha mahali. Nikatazama kilima cha mbele, nikaona nimekosea, nikasogea hatua nyingi nikaonyesha pengine. Mzee mmoja akaguna. Papa alisema, "Hapana, juu kidogo," na shefu akamwambia asimfundishe mtoto. Nikaonyesha pa tatu. Shefu akanishika bega akaniambia inatosha.

Ikabidi waende shule waone wenyewe. Wanaume saba na mimi tuliingia darasani na miguu ya matope, Prof Dezire akasimama kando ya tablo. Muyenzi ulikuwa umekauka, umejikunja. Shefu akamuuliza mwalimu mtoto alisema ameutoa wapi.

"Mutoto alileta muti," akasema Prof. "Sikumuuliza."

Sikumuuliza! Nilipiga kelele kwamba aliniuliza, aliniuliza, na Papa akaniambia ninyamaze.

Wazee walivitazama vigae. Papa Tumaini alinyoosha mkono akagusa kimoja chekundu, akakipapasa ukingoni kwa dole gumba, na akasema, si kwa mtu yeyote, "Chungu ya mama yangu." Papa naye alikuwa amekitambua kile cheusi, cha kwao. Walisimama bega kwa bega, wana wa watu wawili waliovunja vyungu pamoja.

"Hii inasema bababa benu balipatana," alisema shefu. "Haisemi balipatana fasi gani. Ku ukuta haiwezi kusema." Kisha akageuka. "Papa Tumaini. Weye ulilimaka kando ya ile muti miaka yote. Unajua fasi yake. Sema, na siye tutaamini."

Alijua. Kila mtu mle ndani alijua kwamba anajua. Papa Tumaini alimtazama baba yangu kwa muda mrefu, na nadhani alikuwa anangoja. Neno moja tu, la kuomba msamaha. Papa yangu, aliyekuwa na sauti ya kufika barabarani siku ya Jumapili, akatazama chini na hakupata sauti hata ya kumfikia mtu aliye karibu naye. Nilimwombea aseme. Hakusema, na sijamsamehe kwa hilo pia.

"Mimi niko mwizi," akasema Papa Tumaini. "Neno ya mwizi, munaitumia nini?" Akatoka.

Shefu akafanya kinachofanywa mpaka wa shamba unapopotea. Akaamuru uvutwe mstari mpya, kutoka jiwe la njiani moja kwa moja hadi mtoni, na mstari huo ulipita upande wa juu wa kipande chetu cha chini. Kikaenda, chote, pamoja na maji.

Wengine walipokwisha kutoka, Papa alibaki mbele ya ukuta. Hakujua kusoma. Chini ya mmea wetu Prof alikuwa amebandika karatasi yenye maandishi makubwa, na Papa akaniuliza inasema nini. Nikamsomea: Familia hii iko hapa tangu zamani.

"Fasi gani?" akauliza.

"Hapa, Papa. Muheto."

Akautazama mstari wa mkaa, kutoka mlangoni hadi dirishani, kisha akarudi kuitazama karatasi. "Kumbe shamba yetu njo hii," akasema, na akavaa kofia yake.

Inspekteri alikuja Ijumaa. Aliusifu sana ukuta, akapiga picha, na Prof Dezire hakumaliza mwaka pale, alipandishwa akapelekwa shule kubwa ya mjini. Mti hakunirudishia. Msimu ule wa njaa tulikula majani kama wengine, na Mama alikuwa akipita mbali asiyaone maharage ya kina Tumaini. Papa hakunipiga hata siku moja, na hakunitania tena kama alivyozoea.

Mwisho wa muhula tulipewa buletini, ripoti za alama zetu, ambazo mzazi lazima azitie sahihi. Papa alikuwa ameketi mlangoni ananoa jembe. Nikampa karatasi na wino, akaloweka dole gumba, kisha akasita.

"Ulishinda somo gani?"

Nilitaka kudanganya. Nikamwambia ukweli, kwamba nimekuwa wa kwanza darasani katika somo la histoire.

"Ile ya muti?"

"Ndiyo, Papa."

Akatikisa kichwa taratibu, akauliza dole aliweke wapi, na nilipomwonyesha akalikandamiza pale kwa nguvu, akalishikilia muda mrefu, kisha akanirudishia karatasi na kuendelea kunoa jembe.